Watu wa Alhamisi na Majoho ya Kwaya

Mama Mafundo alikuwa fundi cherehani asiyetumia futi. Si kwamba hakuwa nayo. Alikuwa nayo, ya manjano, imemning'inia shingoni kama nishani, na wateja wageni walitulia moyo wakiiona. Lakini ukisimama mbele yake akupime, futi ilibaki pale pale shingoni, naye akachomoa mfukoni kamba nyembamba ya katani, akaanza kukuzunguka nayo. Bega hadi bega, fundo. Kifua, fundo. Kiuno, fundo. Mkono, fundo. Ncha ya mwisho aliikata pale nguo inapotakiwa kuishia, halafu akaenda kukutundika ukutani.

Shule aliiacha darasa la pili, mwaka ule namba zilipoanza kupandana migongoni, na tangu hapo yeye na namba walisalimiana kwa mbali. "Namba humsahau mtu," alikuwa akisema. "Kamba haisahau. Mtu mzima huyu hapa, na tumbo lake."

Alikuwa mjane mwenye mikono minene na kicheko kilichoanzia puani. Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, na wawili hao walipendana kwa kugombana, kama watu wengi wanaopendana kweli. Wifi alipenda usafi kuliko alivyopenda kula. Kitu kikikaa mahali pamoja siku mbili, alikiosha. Kikikaa siku tatu, alikihamisha. Mama Mafundo aliwahi kuitafuta miwani yake asubuhi nzima, kumbe imeoshwa na kuanikwa kwenye kamba ya nguo, imebanwa kwa kibanio.

Siku nyingine zote alishona barazani kwake kwa riziki yake. Alhamisi haikuwa yake. Alhamisi aliamka, akajitwisha cherehani ya mkono, akaenda nayo mpaka chumba kidogo nyuma ya kanisa, chenye dirisha moja, meza moja na benchi la kusubiria, akawashonea watu wasio na cha kumlipa.

Jambo hilo lilianza hivi. Kanisa lilikuwa likipata bunda la mitumba mara mbili tatu kwa mwaka, na desturi ilikuwa kulifungulia mlangoni. Watu walisukumana, mwenye viwiko akashinda, kila mmoja akaondoka na alichodaka. Mzee akadaka sketi. Mwenye mguu mmoja akadaka suruali mbili. Mama Mafundo alilitazama hilo mara moja, mara ya pili akashindwa kulitazama, kwa sababu alilijua kwa ndani. Naye utotoni, akiwa yatima, alidaka gauni lililokuwa la mwanamke wa kimo cha mlango. Alilivaa kwa kulifunga kamba kiunoni, na watoto wenzake wakamwita Hema. "Hema! Tufungulie tuingie, mvua inakuja!" Jina hilo lilimfuata mpaka siku alipoolewa.

Basi akamwendea mchungaji. "Baba mchungaji, Bwana alituagiza tuwavike watu. Hakutuagiza tuwatupie. Na mtu humvishi nguo ukiwa umesimama mbali, lazima umguse."

Mchungaji akakuna kichwa, akampa chumba.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu alichagua nguo yake bundani bila haraka, akasimama, akapimwa. Akiwa anapimwa akaulizwa habari za kifua kilichokuwa kikimsumbua, na za mtoto aliyekwenda mbali. Alhamisi iliyofuata, au ile ya baada yake, alirudi kuchukua nguo iliyopunguzwa ikamkaa kana kwamba alizaliwa nayo. Alikuwepo mchukuzi wa sokoni, mrefu, mwembamba kama ufito, aliyeitwa Mzigo Mwepesi, maana hata umwonyeshe magunia manne ya saruji atayatazama na kusema, "Mzigo mwepesi huo, mama." Alikuwepo Bibi wa Ngazini, kikongwe aliyekaa mchana kutwa kwenye ngazi za posta na kopo lake, mdogo wa umbo hata kamba yake ilionekana kama ya mtoto. Walikuwepo mume na mke waokota chupa, waliokuja pamoja na kupimwa pamoja, kila mmoja akimcheka mwenzake. Jumla yao msimu huo walikuwa kumi na wawili.

Sasa, hapakosi mtu wa kuuliza swali. Mzee wa kanisa mmoja, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, mwimba besi, mfupi mpana, alilipeleka swali lake kwenye baraza la wazee. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa mtu wa utaratibu.

"Watu kumi na wawili kwa msimu!" alisema. "Tukigawa mlangoni tunamaliza mia kabla ya chai. Na kile chumba tungewekea vipaza sauti, ambavyo sasa hivi vinalala nyumbani kwangu, chini ya kitanda changu. Mke wangu analalamika."

Wengine walitikisa vichwa, wengine walitazama dari. Mwisho wakasema jambo hilo lisubiri sherehe ya kufungua jengo jipya la kanisa ipite, lijadiliwe Jumatatu yake. Na kwa sherehe hiyo kwaya ilihitaji majoho kumi na mawili mapya. Kitambaa kilikwisha kuagizwa mbali, cha rangi ya maziwa, laini, kinachoteleza vidoleni. Fundi nani? Mama Mafundo.

Mchungaji alimvuta pembeni baada ya ibada. "Mama, majoho haya ndiyo wakili wako. Yakitoka vizuri, nani atathubutu kukutoa kwenye kile chumba? Yakiharibika, sina mdomo."

"Hayataharibika, baba. Nimeshona tangu mbuzi wako wa kwanza hajazaliwa."

Akawapima wanakwaya wote kumi na wawili, kwa kamba mpya, akaziweka kwenye msumari wa kulia wa dirisha kwa mpangilio wao wa kusimama, kuanzia sauti nyembamba mpaka besi. Za watu wa Alhamisi zilikuwa kwenye msumari wa kushoto, kwa mpangilio wao wa foleni. Kila kamba ilijulikana kwa msumari wake na zamu yake, basi. Hakuna alama nyingine.

Wiki hiyo hiyo wifi alikuja kumsaidia kufagia chumba. Akaona kuta zina vumbi. Akapaka chokaa.

Mama Mafundo alikata kitambaa Jumatatu. Alizichukua kamba za msumari wa kulia moja moja, akazilaza juu ya kitambaa, akaongeza nafasi ya joho kama inavyotakiwa, akakata. Kamba ya kwanza ilimshangaza kwa ufupi. Ya nne ilimshangaza kwa wembamba. Lakini kwaya ilikuwa katika mfungo wa maombi kwa ajili ya sherehe, wiki ya pili sasa, akajisemea, "Kumbe hawa wanafunga kweli! Nami nilidhani wanakula kwa mlango wa nyuma. Nisamehe, Bwana." Akaendelea kukata huku akiimba.

Alhamisi saa mbili asubuhi, siku tatu kabla ya sherehe, kwaya ilikuja kujaribisha.

Mwalimu wa kwaya alikuwa wa kwanza, mtu wa mbwembwe. Akainua mikono, akatumbukiza kichwa. Kichwa kikapita. Mikono ikapita nusu. Halafu joho likamkaba kifuani, akabaki mikono juu kama aliyekamatwa na polisi.

"Nitoeni!"

"Usivute, litachanika!" Mama Mafundo alipiga kelele.

"Mimi ndiye ninayechanika, mama, si joho!"

Wakamtoa watu wawili, mmoja akivuta juu, mwingine akishika kiuno. Mwanamke wa sauti nyembamba alipata joho lililomfika magotini. Mwingine lake liliburuzika sakafuni, lakini mabega yalikataa kuingia. Mzee wa kanisa alilivaa la mwisho. Liliteremka taratibu mpaka juu ya tumbo, pale likasimama, likakataa kuendelea na safari. Chini ya pindo ulionekana mkanda wa suruali, kitovu kikichungulia kati ya vifungo vya shati.

Watu walitaka kucheka. Hakuna aliyethubutu.

Mzee alilivua, akalikunja vizuri, kona kwa kona, akaliweka mezani. Heri angefoka. "Mama," alisema kwa upole, "kitambaa kingine cha namna hii hakipo mjini. Nami nimeulizia. Tutaimba na nguo zetu za kawaida. Mengine tutayazungumza Jumatatu barazani." Akatoka, na kwaya ikamfuata.

Mama Mafundo aliketi. Akaichukua kamba ya mwisho ya msumari wa kulia, akaipitisha vidoleni, fundo baada ya fundo, kama mtu anayesoma barua. Alipofika fundo la kifua, vidole vikasimama. Kifua kile alikijua. Kilikuwa cha mtu mrefu, mwembamba, anayebeba magunia.

"Wifi."

"Naam, wifi."

"Ulipopaka chokaa, hizi kamba ulizifanyaje?"

"Nilizitoa, nikapaka, nikazirudisha."

"Ukazirudisha wapi?"

"Ukutani."

"Msumari gani?"

"Ah! Misumari yenyewe miwili tu, wifi, ningekosea vipi?"

Mama Mafundo alimtazama. Kisha kicheko kikamwanzia puani, kikashuka, na kilipofika kifuani kikageuka kilio. Chumba kimekwenda. Atawaambia nini watu wake? Kwamba warudi mlangoni, wakapigane viwiko? Wifi naye alielewa, akaanza kulia, na huku akilia akawa anapanguza meza.

Hapo ndipo watu wa Alhamisi walipoingia, maana saa yao ilikuwa saa nne, na saa nne ni saa nne. Siku hiyo ilikuwa ya kuchukua nguo zilizokwisha, zilizokatwa kabla ya chokaa. Walimkuta fundi wao amejiinamia, wakasimama mlangoni kama watu waliokuta msiba.

"Nani amekufa?" aliuliza Bibi wa Ngazini.

"Majoho," alijibu wifi.

Wakaelezwa. Mzigo Mwepesi alilichukua joho la mzee wa kanisa, akalivaa juu ya fulana yake iliyotoboka. Likamkaa. Likamkaa mpaka mwokota chupa akapiga mluzi.

"Mchungaji huyo!" alisema mkewe. "Tubariki, baba!"

"Mnaona mambo?" Mama Mafundo alisema, akijifuta macho. "Nyinyi nimewashonea majoho ya kwaya, na kwaya sina cha kuwashonea. Limebaki hili la kuongeza vipande ubavuni, toka kwapa mpaka pindo, lakini vipande vya nini? Mabaki yenyewe hayatoshi leso."

Bibi wa Ngazini alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi na gauni lake jipya la maua mekundu mapajani. Lilikuwa la mwanamke mkubwa, na Mama Mafundo alikuwa amelipunguza sana. Yale mapunguzo, mapana kama shuka, yalikuwa yamekunjwa ndani ya kapu chini ya meza, pamoja na mapunguzo ya nguo za wengine.

"Na hayo ya kapuni ni majani?" aliuliza.

"Hayo ni yenu, bibi. Nguo ni zenu na mabaki yake ni yenu. Mtatilia viraka."

"Basi kama ni yetu, tunatoa."

"Hapana. Mimi sikuja hapa kuchukua vitu kwa watu."

Kikongwe alimkazia macho. "Wewe mwanangu una kiburi, ila umekishonea kanzu nzuri hata hakionekani. Miaka minne unanivika, nami nanyamaza, nasimama, nageuka, nainua mkono. Leo simama wewe. Geuka. Inua mkono."

Mama Mafundo akainuka. Aliyajua mabega ya kila mtu mle ndani, na viuno vyao, na urefu wa mikono yao. Hakuwahi kudhani mikono ile ina kitu cha kumpa.

"Haya," alisema taratibu. "Nimesimama."

"Nipe sindano," alisema bibi. "Kabla macho na miguu havijanisaliti nilikuwa nikishona mashuka ya hospitali. Hujawahi kuniuliza."

Kapu likamwagwa mezani. Maua mekundu, mistari ya buluu, madoadoa ya njano, miraba ya kahawia. Wakafumua majoho ubavuni, wakalinganisha vipande na kamba za kweli za kwaya, ambazo sasa zilishushwa kutoka msumari wa kushoto kwa heshima kubwa, na wifi akakatazwa kuzigusa. Yaliyokuwa marefu yakapandishwa pindo, yaliyokuwa mafupi yakatiwa ukanda chini. Moja baada ya jingine, majoho kumi na moja yakapona.

La kumi na mbili likagoma. Wakajaribu maua, yakafika nusu ya tumbo. Wakaunganisha maua na mistari, bado.

"Huyu mzee anakula nini?" alishangaa mwokota chupa.

"Anakula kwa utaratibu," alisema mkewe.

Mzigo Mwepesi alikuwa amesimama dirishani na koti lake. Koti la kijani kibichi, la kitambaa chepesi kizuri, alilolisubiri Alhamisi tatu. Alikuwa amekwisha livaa mara moja, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, upande huu, upande ule, akajipigia saluti. Sasa akalivua, akalilaza mezani, mgongo juu.

"Mgongo huu unatosha," alisema.

"Hapana," alisema Mama Mafundo. "Hilo hapana. Unaamka saa kumi na moja na umande."

"Mama, mtu anayefukuzwa chumbani ni wewe au ni mimi?"

"Ni mimi."

"Sasa mimi nibaki na koti na nisiwe na pa kwenda Alhamisi? Nitaenda wapi nikalionyeshe?" Akausukuma mkasi mbele yake. "Kata, mama. Mzigo mwepesi."

Mama Mafundo alikata.

Ijumaa na Jumamosi chumba kile kilivuma kama mzinga wa nyuki. Jumamosi mchana kwaya iliitwa. Majoho yaliingia. Wakisimama mikono chini, unaona rangi ya maziwa tu, inateremka vizuri mpaka vifundoni. Mzee wa kanisa aliinua mkono kidogo mbele ya kioo, akaliona lile bonde la kijani toka kwapani mpaka chini, akaushusha haraka.

"Hiki nini?"

"Nafasi ya kupumulia, baba mzee," alisema Mama Mafundo.

"Kinaonekana?"

"Mpaka uinue mikono."

"Basi sitainua."

Jumapili kanisa jipya lilijaa mpaka madirishani. Watu wa Alhamisi walikaa benchi la nyuma kabisa, wamevaa nguo zao mpya, Mzigo Mwepesi peke yake akiwa na fulana ileile. Kwaya ikasimama, safi, nyeupe, watu wakaguna kwa kuridhika. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kisha ikafika pale mwalimu wa kwaya alipowafundisha kuinua mikono yote miwili, wakampigie Mungu shangwe.

Mikono kumi ikapanda, kumi na miwili, ishirini na miwili. Na toka kwenye ile rangi ya maziwa yakafunguka maua mekundu, na mistari, na madoadoa, na miraba, kama mtu aliyefungua madirisha yote ya nyumba kwa mara moja. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele, na baada ya hapo hakuna aliyemsikia mpiga kinanda.

Mzee wa kanisa peke yake alibaki viwiko vimebana mbavu, kama kuku kwenye mvua. Aliimba, lakini kwa shida, maana besi haitoki kwa mtu aliyejibana. Akatazama kulia, mikono juu. Akatazama kushoto, mikono juu. Mkewe, benchi la pili, akamtolea macho ambayo waume wote wanayajua. Mzee akafumba yake, akainua mikono.

"Koti langu!" Sauti ilitoka nyuma, ya mtu aliyezoea kupigia kelele watu wampishe njia. Mzigo Mwepesi alikuwa amesimama juu ya benchi. "Koti langu hilo! Limeokoka! Limeingia kwaya kabla yangu!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji alijificha nyuma ya kitabu, mabega yakimtikisika. Mzee wa kanisa naye alijaribu kukaza uso, akashindwa. Tumbo likaanza kuruka, joho likaruka nalo, akacheka mikono ikiwa bado hewani, na Mama Mafundo pale alipokaa alikuwa akitazama kitu kimoja tu, mshono. Mshono ukashika.

Jumatatu barazani mzee alisimama, akasema maneno machache. Alisema amepita mbele ya yule mchukuzi sokoni miaka tisa, akamkodi mara nyingi kubeba mabati na saruji, wala hakuwahi kujiuliza anavaa nini. Alisema hoja yake anaiondoa, na chumba kibaki na kazi yake. Kuhusu vipaza sauti, mke wake atavumilia. Akaketi.

Alhamisi alifika mwenyewe, koti lake la kahawia la sikukuu limefungwa kwenye karatasi, akalinyoosha mlangoni.

"Mama, mpe yule bwana. Mimi nina haraka."

"Hapa hatutupiani nguo, baba mzee. Ingia. Likishapunguzwa utamvika mwenyewe. Foleni inaanzia pale."

Mzee akatazama foleni. Akaingia, akakaa kwenye benchi baada ya waokota chupa, akiwa wa saba. Mzigo Mwepesi, wa kwanza, alikuwa amekwisha simama apimwe upya, mikono wazi kama msalaba.

"Baba mzee," aliuliza bila kugeuza shingo, "koti lenyewe pana kiasi gani?"

"Kama mimi."

"Basi mama asipunguze. Nitaoa, tuingie wawili."

Bibi wa Ngazini, ambaye tangu wiki ile alikuwa na kiti chake kando ya cherehani, alinyoosha mkono, akamtia mzee sindano na uzi viganjani. "Umekaa bure. Nitungie, macho yangu yamechoka."

Mzee akaulenga uzi. Ukapita pembeni. Akaulamba, akaulenga tena. Ukapita upande wa pili. Jasho likaanza kumtoka, mtu aliyejenga maghala matatu.

"Fumba jicho moja, mzee!" alisema mwokota chupa.

"La kushoto!" alisema mkewe.

"Usitetemeke, haiumi," alisema wifi.

Wote wakainama kumzunguka, foleni yote, vichwa vikigongana. Uzi ukakaribia tundu, ukasita, ukapita.

"Ngamia amepita!" alipiga kelele Mzigo Mwepesi, na kelele za shangwe zikapanda hata mchungaji akatoka ofisini mbio kuuliza kuna nini. Mzee aliishika sindano juu, uzi unaning'inia, akicheka kama mtoto, na Mama Mafundo akafunga fundo la kifua, akaendelea na mkono.